Maisha ya Thomas Gallaudet, Mwalimu wa Viziwi

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, twasoma habari za kiziwi mmoja aliyeletwa kwa Bwana Yesu katika nchi ya Dekapoli. Bwana alimtwaa kando, mbali na mkutano, akamgusa masikio na ulimi kabla ya kumwambia neno lo lote. Yule mtu hakuweza kusikia, basi Bwana alisema naye kwanza kwa mikono, kwa njia ambayo aliweza kuifahamu. Habari tutakazozieleza mwezi huu ni za mtu aliyejifunza njia hiyo ya Bwana wake, akaifuata maisha yake yote. Hakuwa wa madhehebu yetu ya Kilutheri, lakini kazi yake yawahusu Wakristo wote, na zaidi wazazi ambao Mungu amewapa mtoto asiyesikia.

1. Ujana wake

Thomas Hopkins Gallaudet alizaliwa tarehe 10 Desemba 1787 katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa watoto 12. Kwa upande wa baba, wazee wake walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa, waliokimbia kwao kwa ajili ya imani. Mwaka 1800 wazazi wake walihamia Hartford, mji wa jimbo la Connecticut, na huko ndiko alikokulia.

Akili zake zilikuwa nyepesi mno. Aliingia chuo cha Yale akiwa na miaka 14 tu, akamaliza mwaka 1805 kabla hajatimiza miaka 18. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utoto, na kifua kilimsumbua mara kwa mara. Akaanza kusoma sheria, akaiacha kwa ajili ya afya. Akafundisha Yale kwa muda, kisha akasafiri bara kwa biashara. Mwisho akaona kwamba moyo wake wautaka utumishi wa Mungu, na mwaka 1812 akaingia chuo cha wachungaji cha Andover. Alipohitimu mwaka 1814, watu wengi walitazamia kwamba atakuwa mhubiri wa usharika mkubwa. Mungu alikuwa amemwekea kazi nyingine, nayo ilikuwa ikimngoja karibu na mlango wa nyumba ya baba yake.

2. Mtoto wa jirani

Jirani wa wazazi wake alikuwa Daktari Mason Cogswell, mpasuaji mwenye sifa katika jimbo lile. Daktari huyo alikuwa na binti jina lake Alice, aliyezaliwa mwaka 1805. Alipokuwa na miaka 2 alishikwa na homa kali, ambayo waganga wa leo wadhani ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mungu alimponya, lakini masikio yake yalikufa. Maneno machache aliyokuwa ameanza kuyasema yalipungua, kisha yakakoma kabisa.

Fikirini huzuni ya baba yule. Alikuwa mganga, watu walimjia kutoka mbali, naye aliweza kukata na kuunga miili ya watu. Lakini kwa binti yake mwenyewe hakuwa na dawa. Tena siku zile katika nchi yote ya Marekani hapakuwa na shule hata moja ya viziwi. Matajiri wachache waliwapeleka watoto wao ng'ambo ya bahari, Uskoti au Uingereza. Watoto wa watu wengine walikaa nyumbani bila kufundishwa, na wengi walihesabiwa kuwa ni wapumbavu, kwa kuwa hakuna aliyejua kusema nao.

Siku moja ya mwaka 1814, Gallaudet alikuwa amerudi kwao kupumzika. Aliwaona wadogo zake wakicheza na watoto wa jirani bustanini, akamwona Alice, aliyekuwa na miaka yapata 9, amekaa pembeni. Gallaudet akamkaribia. Akamwonyesha kofia yake, kisha akaandika kwa kijiti ardhini jina la kofia, ambalo kwa Kiingereza lina herufi tatu tu. Akamwonyesha kofia tena, na yale maandiko tena, mpaka mtoto akafahamu kwamba alama zile za mchangani ni jina la kitu kile. Uso wake ukang'aa, akataka kujua majina ya vitu vingine.

Wengine wangaliona jambo hili kuwa mchezo wa mchana mmoja tu. Gallaudet aliona kwamba ndani ya mtoto huyu mna akili timamu iliyofungiwa, na mlango wake haujavunjika, ila haujapata mtu wa kuufungua. Tangu siku hiyo akawa akimfundisha kidogo kidogo kila alipokuwapo Hartford. Alice akapata pia kuingia katika shule ndogo ya wasichana, ambayo mwalimu wake, Lydia Huntley, alikuwa mshairi, akajitahidi kumfundisha pamoja na watoto wasikiao.

3. Shauri la wazee wa Hartford

Daktari Cogswell hakumfikiri binti yake peke yake. Alikuwa ameomba wachungaji wa jimbo la Connecticut wahesabu viziwi katika sharika zao, nao walipata watu 84. Hesabu hiyo iliwashangaza wengi, maana kila nyumba yenye mtoto kiziwi ilidhani imepigwa peke yake. Kama katika jimbo dogo moja walikuwapo 84, je, katika nchi yote walikuwa wangapi?

Basi tarehe 13 Aprili 1815, daktari aliwaita marafiki nyumbani kwake. Wakashauriana kwamba mtu mmoja apelekwe Ulaya kujifunza elimu ya kuwafundisha viziwi, apate kurudi na kuanzisha shule. Fedha za safari zilichangwa upesi. Mtu waliyemchagua alikuwa Gallaudet. Yeye alisita kwanza, kwa kuwa alijua udhaifu wa mwili wake, tena alikuwa ameandaliwa kwa kazi ya kuhubiri. Mwisho akakubali. Tarehe 25 Mei 1815 akapanda merikebu, naye Alice akabaki akingoja.

4. Mlango uliofungwa, na mlango uliofunguliwa

Katika Uingereza na Uskoti kazi ya kuwafundisha viziwi ilikuwa mikononi mwa jamaa moja iitwayo Braidwood. Thomas Braidwood alikuwa ameanza shule yake Edinburgh mwaka 1760, akawafundisha watoto kusema kwa midomo na kuandika. Lakini jamaa hiyo waliishika elimu yao kama siri ya biashara, wakapokea fedha nyingi kwa wazazi. Gallaudet alipofika London, aliambiwa kwamba akitaka kujifunza, yampasa kwanza kutumika miaka 3 kama msaidizi. Akaenda Edinburgh. Huko mwalimu wa shule alimpokea kwa wema, lakini alikuwa amefungwa na mkataba asimfundishe mtu mwingine njia ile.

Gallaudet alikaa Edinburgh wakati wote wa baridi, akingoja na kuandika barua, fedha zake zikipungua. Aliona uchungu kwamba elimu ya kuwafungua watoto wa Mungu imefungwa kwa kufuli la faida. Tena aliihesabu miaka. Alice alikuwa amekwisha timiza miaka 10. Kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi wa kujifunza ambao hautarudi.

Lakini kabla ya kwenda Uskoti, alikuwa amekutana London na kasisi mmoja Mfaransa, Sicard, mkuu wa shule ya viziwi ya Paris. Shule ile iliasisiwa na kasisi Charles-Michel de l'Épée, aliyeanza kwa kuwafundisha wasichana wawili, ndugu wa nyumba moja, wote wawili viziwi. De l'Épée aliona kwamba viziwi wakiwa pamoja hutumia ishara za mikono, akazifanya ishara hizo kuwa njia ya kufundishia. Wala hakuificha elimu yake, aliitoa bure kwa kila aliyetaka kujifunza. Sicard alimfuata katika kazi na katika desturi hiyo, naye akamwalika Gallaudet aje Paris.

Basi mwaka 1816, mwanzo wa majira ya kuchipua, Gallaudet akavuka kwenda Ufaransa, na milango ikafunguliwa. Akajifunza kila siku, na mmoja wa walimu wake alikuwa Laurent Clerc, ambaye mwenyewe ni kiziwi. Clerc alizaliwa mwaka 1785 katika kijiji kimoja karibu na Lyon. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja alianguka motoni jikoni, akabaki na kovu shavuni, na wazazi wake waliamini kwamba ndipo alipopoteza kusikia. Hakufundishwa kitu mpaka alipoingia shule ya Paris akiwa na miaka 12. Kisha akawa mwanafunzi hodari kupita wengi, na baadaye mwalimu.

Gallaudet aliona kwamba miezi michache haitoshi kumfanya yeye awe bingwa wa elimu hii. Akamwomba Clerc aende naye Marekani. Lilikuwa jambo gumu kwa Clerc kuiacha nchi yake na mama yake, kwenda nchi ya lugha nyingine na madhehebu mengine. Akakubali kwa mkataba wa miaka 3. Tarehe 18 Juni 1816 wakapanda merikebu huko Le Havre, wakafika New York tarehe 9 Agosti, baada ya siku 52 baharini. Siku zile hawakuzipoteza. Gallaudet alimfundisha Clerc Kiingereza, na Clerc alimfundisha Gallaudet ishara. Mwenye kusikia akawa mwanafunzi wa kiziwi, na kiziwi akawa mwanafunzi wa mwenye kusikia.

Mwezi ule ule wa Agosti, Clerc alifika Hartford akaonana na Alice. Mtoto yule, aliyekuwa akitimiza miaka 11, aliona kwa mara ya kwanza mtu mzima asiyesikia kama yeye, aliyeelimika, aheshimiwaye, avaaye na kuenenda kama bwana. Yafaa wazazi walifikiri jambo hilo. Mtoto kiziwi hahitaji mwalimu tu. Ahitaji pia kuona mfano wa vile awezavyo kuwa.

5. Shule ya Hartford

Gallaudet na Clerc walizunguka miji mingi wakiomba msaada. Clerc aliandika majibu ya maswali ya watu mbele ya macho yao, na wengi waliosadiki kwamba kiziwi hawezi kufikiri waliondoka wameaibika. Baraza la jimbo la Connecticut likatoa dola 5,000; na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya jimbo katika Marekani kutoa fedha kwa kazi ya namna hii. Mwaka 1819 Baraza la Taifa likaipa shule ardhi ya ekari 23,000, iliyouzwa baadaye kwa faida ya shule.

Tarehe 15 Aprili 1817 shule ilifunguliwa katika nyumba ya kupanga, yenye wanafunzi 7. Wa kwanza alikuwa Alice Cogswell. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu homa ile.

Wengine walikuwa wamengoja zaidi. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo John Brewster, mchoraji wa picha za watu, aliyezaliwa kiziwi. Alikuwa na miaka 51. Mtu huyu alikuwa amezunguka nyumba za matajiri miaka mingi, akichora nyuso zao kwa uzuri ambao wajuzi wausifu hata leo. Sasa akaketi darasani pamoja na watoto, akakaa miaka 3 akijifunza. Alikuwamo pia msichana aitwaye Sophia Fowler, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyeingia shuleni pamoja na dada yake, naye pia kiziwi. Sophia alikuwa na miaka 19, wala hakuwa amepata kufundishwa kusoma. Hao wote hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwafundisha wakati uliofaa.

Watoto waliokuja walileta ishara zao za nyumbani, na wengine walitoka katika kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako viziwi walikuwa wengi, na watu wenye kusikia walizijua ishara kama majirani wanaojua lugha mbili. Ishara hizo zikachanganyika na zile za Ufaransa alizozileta Clerc, na hivyo ikakua lugha ya ishara ya Marekani, ambayo hutumika hata sasa.

Gallaudet alikuwa mkuu wa shule tangu mwaka 1817 hata 1830. Kila siku aliongoza sala kwa ishara, akiwahubiria watoto habari za Mwokozi. Siku hizo wako waliosema kwamba kiziwi hawezi kuwa na imani, kwa sababu mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani hutokana na kusikia. Gallaudet alijibu kwa kazi. Watoto waliofika hawajui hata jina la Mungu wakawa wakiomba kwa mikono yao. Na sisi Walutheri twakumbuka kwamba Martin Luther mwenyewe, mwaka 1520, aliandika kwamba viziwi wasinyimwe Meza ya Bwana.

6. Nyumba yake

Tarehe 29 Agosti 1821 Gallaudet alimwoa Sophia Fowler, yule mwanafunzi. Wakapata watoto 8, wote wenye kusikia. Watoto hao walikua katika nyumba ambamo mama alisema kwa mikono, na lugha ya mikono ilikuwa kwao lugha ya kunyonya. Yule mwanamke, ambaye hadi miaka 19 hakujua kusoma, alitawala nyumba yake vema, akaheshimiwa na wakuu wa serikali.

Gallaudet hakuwa mtu asiye na udhaifu. Mara nyingi alishikwa na huzuni na hofu juu ya afya yake, na kazi ya shule ilimchosha. Hapo alipojiuzulu mwaka 1830 alikuwa na miaka 42 tu. Akaandika vitabu vya kuwafundisha watoto dini, na baadaye, mwaka 1838, akawa mchungaji wa hospitali ya wenye maradhi ya akili huko Hartford. Moyo wake uliwaelekea wale ambao hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1828 alikuwa amemsaidia pia Abdul Rahman, mwana wa mfalme wa Futa Jalon katika Afrika ya Magharibi, aliyekuwa mtumwa katika Mississippi miaka 40. Gallaudet aliandika habari zake na kumtafutia fedha, na mwaka 1829 Abdul Rahman akavuka bahari kurudi Afrika, akafa huko Liberia mwaka ule ule.

Mwaka ule Gallaudet aliojiuzulu ulikuwa pia mwaka wa msiba. Katika Desemba 1830 Daktari Cogswell alifariki. Alice, ambaye baba yake alikuwa ameitafuta njia ya kusema naye hata ng'ambo ya bahari, hakuweza kuvumilia. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, naye alifariki, mwenye miaka 25. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini kwa ajili ya mtoto huyo mmoja shule ilisimama, na maelfu wakapita katika mlango aliopita yeye kwanza.

7. Neno lake la mwisho kwa wazazi

Katika uzee wake Gallaudet aliandika tena juu ya jambo lililomkaa moyoni. Mwaka 1847 lilipoanzishwa gazeti la walimu wa viziwi, alieleza humo faida ya ishara, na hasa faida yake nyumbani. Aliona kwamba mara nyingi mtoto afika shuleni amechelewa, kwa kuwa miaka ya kwanza imepita bila mazungumzo. Shauri lake lilikuwa kwamba mama, baba na ndugu wajifunze ishara mapema na kusema na mtoto kwa hizo, ili moyo wake ufundishwe wema na ubaya, na habari za Baba wa mbinguni, kabla hajajua kusoma.

Thomas Gallaudet alifariki Hartford tarehe 10 Septemba 1851, mwenye miaka 63. Clerc, aliyekuja kwa miaka 3, alifundisha mpaka mwaka 1858, akafa Marekani mwaka 1869. Mwana mkubwa wa Gallaudet, Thomas, akawa kasisi, akaanzisha kanisa la viziwi New York mwaka 1852. Mwana mdogo, Edward, alipewa shule ya viziwi huko Washington mwaka 1857, na mama yake Sophia akaenda naye kuwalea watoto. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoiruhusu shule hiyo kutoa shahada za chuo. Mwaka 1894 chuo kikaitwa kwa jina la Gallaudet, na leo ni chuo kikuu cha viziwi kijulikanacho ulimwenguni mwote.

Kazi hiyo ilipata pia upinzani. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milano, Italia, karibu wote wakiwa wenye kusikia, waliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa midomo tu, na ishara ziachwe. Edward Gallaudet alipinga, akashindwa. Kwa miaka mingi watoto katika nchi nyingi waliadhibiwa kwa kusema kwa mikono yao. Mwaka 2010 mkutano wa namna ile ile, uliokutana Vancouver, ulieleza majuto kwa azimio hilo.

Mbegu ya Hartford ilifika hata kwetu Afrika. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11, alihitimu chuo cha Gallaudet mwaka 1954. Mwaka 1957 alianza shule Ghana, akaendelea kuanzisha shule nyingi katika nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, akihubiri Injili kwa ishara. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, akiwa bado safarini kwa kazi ile.

8. Mafundisho kwetu

Wazazi wapenzi, mambo mengi yaliyofichika kwa Daktari Cogswell sasa yajulikana. Twajua kwamba miaka ya kwanza ndiyo wakati akili ya mtoto inapoishika lugha kwa urahisi. Mtoto asiyepata lugha wakati huo, iwe ya masikio au ya macho, hupata taabu kuifidia baadaye. Kwa hiyo waganga washauri kwamba masikio ya mtoto yapimwe kabla hajatimiza mwezi 1, tatizo lijulikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Mahali ambapo vyombo vya kupima havipo, mama na atazame. Mtoto mchanga hushtuka kwa mlio wa ghafula. Afikapo miezi 6 hugeuka kutafuta sauti ya mamaye. Usidanganyike ukisikia mtoto wako analalia na kucheza na sauti, maana hata mtoto kiziwi huanza hivyo, kisha hunyamaza. Ukiona shaka, mpeleke hospitali upesi. Usikubali kuambiwa ungoje kwa kuwa watoto wengine huchelewa kusema. Twajua pia kwamba sehemu kubwa ya uziwi wa watoto yaweza kuzuiwa: kwa chanjo za surua na za homa ya uti wa mgongo, kwa kutibu masikio yatokayo usaha, kwa kumtunza mama mwenye mimba, na kwa kutotumia dawa kali bila shauri la mganga.

Na ikiwa uziwi umekwisha ingia, msaada uko. Wako watoto wanaofaa vifaa vya kusikilizia. Na katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2017 watoto wamepasuliwa na kutiwa chombo cha kusikia ndani ya sikio. Wako ambao njia yao ni lugha ya alama, na wengi hufaidiwa na zote mbili. Lakini hakuna chombo kifanyacho kazi ya wazazi. Mtoto na akae mezani pamoja na wengine, awekwe mahali aonapo nyuso, asemeshwe kwa macho na mikono kila siku, afundishwe kusali. Asifichwe chumbani wageni wajapo. Wala asitokee mtu wa kusema kwamba uziwi ni laana ya ukoo. Torati yenyewe, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, yakataza kumlaani kiziwi.

Wazee wa sharika nao wana kazi. Wale wachungaji wa Connecticut walianza kwa kuhesabu tu, na hesabu ile ikazaa shule. Je, katika mtaa wako wako watoto wangapi wasiosikia? Ni nani ajuaye majina yao? Ni nani awafundishaye Katekisimo?

Gallaudet hakuanza na fedha, wala na elimu ya kazi hiyo, wala na afya njema. Alianza kwa kuinama mbele ya mtoto mmoja, na kijiti mkononi. Bwana wetu, aliyemtwaa yule kiziwi wa Dekapoli kando ya makutano, na atujalie macho ya kumwona mtoto aliyekaa pembeni, na moyo wa kutokumwacha angoje.